Picha Ishirini Kwenye Makala Moja: Nani Analipia?



Kila mwisho wa wiki sisi wa vyuo vya hapa Singida tunapiga picha za kutosha. Kuna bonanza, mahafali, ziara ya mafunzo, mechi pale uwanja wa Liti, wanaokwenda kupunga upepo kandokando ya Ziwa Singidani. Nyingi zinaishia kwenye makundi ya WhatsApp, na baada ya wiki mbili mtu anafuta kwa sababu simu imejaa. Klabu chache zenye tovuti nazo zina ugonjwa wao: picha zote zinamwagwa kwenye makala moja, moja chini ya nyingine, hadi msomaji anachoka akiwa kwenye picha ya nne na hajui kama mbele kuna kumi au hamsini.

Somo la toleo hili ni namna ya kuweka albamu ya picha ndani ya makala kwa kutumia WordPress, ambayo ndiyo inayoendesha tovuti nyingi za klabu na asasi za vyuo. Tutaona lini unahitaji plagini na lini huihitaji kabisa. Kwa asiyelijua neno hilo, plagini ni kipande cha programu unachokichomeka kwenye tovuti ili kiiongezee kazi ambayo haikuwa nayo.

Ila tusidanganyane. Maelezo ya vitufe utayapata popote. Ambalo halisemwi sana ni kwamba kila albamu ina gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyeipandisha. Analipa msomaji kwa bando lake. Analipa aliyepigwa picha kwa faragha yake. Na wanalipa viongozi wa mwakani, watakaorithi tovuti na kukuta albamu zimekufa. Basi kila hatua ya somo hili tuipime kwa hao watatu.

Tulikotoka

Makala ya picha si mambo mapya kwetu. Mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye blogu yake ya Jikomboe ilikuwa miongoni mwa za mwanzo za Kiswahili. Blogu ya Michuzi ikawa kama ubao wa matangazo wa taifa: harusi, misiba, ziara za viongozi, Watanzania wa ughaibuni, kila kitu kwa picha na maelezo mafupi chini yake. Maggid Mjengwa naye akawa anatuonyesha maisha ya watu wa kawaida kwa kamera yake. Wengi walijifunza kusoma habari mtandaoni kwa kuangalia picha kwanza.

Mtindo wa enzi zile ulikuwa safu moja ndefu: picha, maelezo, picha, maelezo. Ulifaa kwa sababu picha kwenye habari moja zilikuwa chache, na wasomaji wengi walikuwa ughaibuni au mezani ofisini. Huku nyumbani mambo yalikuwa ya taratibu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, na ukiwa intaneti kafe ulikuwa unaiona picha ikishuka mstari kwa mstari.

Leo msomaji wako yuko Kibaoni au Manyoni akiwa na simu janja ya bei ya chini, na bando analipima kama mafuta ya kupikia ya mwisho wa mwezi. Kamera nazo zimekua. Safu ile ndefu ya mwaka 2005 ukiijaza picha za simu za leo, unamuumiza.

Hesabu ya bando

Twende kwenye namba, maana hapa ndipo penye moyo wa somo.

Simu ya kawaida ya siku hizi hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Faili lake linaweza kuwa na MB 4 hivi. Picha ishirini za namna hiyo ni MB 80. Mwenye bando la GB 1, yaani MB 1,024, akifungua makala kumi na mbili za uzito huo, bando linakaribia kwisha. Na hapo hajaangalia hata matokeo yake ya mtihani.

Sasa angalia kioo cha simu yake. Simu nyingi za bei ya chini zina kioo chenye upana wa pikseli 720. Ukimtumia picha ya pikseli 4000, simu inapokea yote, kisha inaibana ili ienee. Amelipia pikseli ambazo macho yake hayataziona. Ni kama kuagiza gunia zima la vitunguu kwa ajili ya kachumbari ya sahani moja.

Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 768, kwa makadirio inabaki na KB 100 hivi. Picha ishirini ni MB 2. Bando lile la GB 1 sasa linafungua makala kama hiyo mara mia tano. Picha ni zilezile na kioo ni kilekile.

WordPress yenyewe inajaribu kukusaidia. Ukipandisha picha kupitia maktaba yake, inatengeneza nakala kadhaa: kijipicha cha pikseli 150 kwa 150, kisha nakala za upana wa 300, 768, 1024 na kuendelea. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015, kivinjari cha msomaji hupewa orodha ya nakala hizo na kuchagua inayotosha kioo chake. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, picha zilizo chini ya ukurasa hazishuki mpaka msomaji azikaribie. Asiyefika chini hazilipii.

Msaada huo unapotea pale unapoikwepa maktaba: ukitengeneza ukurasa kwa mkono na kuziba picha nzima nzima, au ukitumia plagini ya ovyo inayoleta faili la asili kila mara. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza plagini yoyote ya albamu ni hili: wewe unatuma nakala ipi kwenye simu ya msomaji?

Kabla hujagusa kompyuta

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme klabu yenu imekwenda kuangalia safari ya alizeti, kutoka shambani hadi kwenye dumu la mafuta. Mmerudi na picha 140 kutoka simu sita. Mnafanyaje?

*Kwanza, chagueni.* Hakuna plagini inayojua kuchagua. Albamu ni habari, na habari ina mwanzo na mwisho. Ya alizeti inajipanga yenyewe: shamba likiwa limekauka, mikono ikikata vichwa, vichwa vikianikwa kwenye turubai, watu wakipiga kutoa mbegu, gunia likishonwa, mashine ya kukamua, mafuta yakitiririka, mashudu yakikusanywa, dumu likiwa dukani. Hizo ni picha tisa. Mia na thelathini na moja zilizobaki ziwekeni kwenye diski ya klabu kama akiba, msizitupe. Picha tano za mashine ileile kwa pembe tofauti hazimwongezei msomaji kitu. Zinampunguzia bando tu.

*Pili, punguzeni ukubwa kabla ya kupandisha.* Upana wa pikseli 1600 unatosha hata kwa anayesoma kwenye kompyuta. Mtasema WordPress si inatengeneza nakala yenyewe? Ni kweli, lakini faili la asili nalo linabaki kwenye seva. Nafasi ya seva inalipiwa kila mwaka, na ikijaa tovuti inaanza kugoma. Kuna programu za bure za kazi hii. Squoosh, kwa mfano, inafanya kazi ndani ya kivinjari na inakuonyesha picha kabla na baada ya kupunguzwa, pamoja na uzito wake.

Kuna wanaosema njia rahisi ni kujitumia picha kwa WhatsApp kisha kuipakua. Kweli inapungua, lakini na ubora unaondoka, na kila inapopita tena inaharibika zaidi. Omba aliyepiga akutumie kama faili ili upate ya asili, kisha upunguze mwenyewe mara moja tu.

*Tatu, zipeni majina.* Faili linaloitwa IMG-20240512-WA0007 halimwambii mtu kitu. Liite alizeti-05-kukamua. Mwakani mtu akitafuta neno alizeti kwenye maktaba ya tovuti, zitakuja zote tisa kwa mpangilio. Hiyo ni zawadi kwa mrithi wako, na inakugharimu dakika tano.

Albamu bila plagini

Watu wengi wanakimbilia plagini bila kujua kwamba WordPress ina albamu yake ndani. Ilianza toleo la 2.5, Machi 2008. Kabla ya hapo haikuwepo, na ndiyo maana plagini kama NextGEN Gallery, iliyotoka 2007, zilipata umaarufu mkubwa. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, makala inaandikwa kwa bloku, na albamu ni mojawapo ya bloku hizo. Hatua ni hizi:

1. Ndani ya makala, bofya alama ya kujumlisha, kisha andika neno gallery kwenye kisanduku cha kutafutia. Chagua bloku itakayotokea.

2. Pandisha picha zako zote kwa mara moja, au zichague kwenye maktaba kama zilishapandishwa. Ziburute uzipange kwa mfuatano wa habari.

3. Upande wa kulia, chagua idadi ya safu. Kwenye kompyuta tatu zinapendeza. Lakini jua kwamba kwenye simu bloku hii kwa kawaida hupanga picha mbili kwa mstari, hata kama wewe umeweka tatu. Picha tisa kwenye kompyuta zinatoa mraba safi wa tatu kwa tatu, ila kwenye simu inabaki moja peke yake chini, nayo inatanuka kujaza mstari mzima. Usipigane nalo. Weka picha nzuri ya kulala iwe ya mwisho. Kwenye mfano wetu, dumu la mafuta dukani linafaa. Au ongeza ziwe kumi na mbili, zinazogawanyika kwa mbili na kwa tatu.

4. Kuna sehemu ya kukata picha ili zilingane. Ikiwashwa, albamu inaonekana imenyooka, lakini picha zilizopigwa kwa kusimamisha simu hukatwa juu na chini. Pitia moja moja. Ukiona mtu amebaki kidevu na shati, izime.

5. Andika maelezo chini ya kila picha: nani au nini, wapi, lini. "Wanachama wakiwa kwenye ziara" si maelezo, hilo tunaliona. "Mashudu yakitoka mashineni, hununuliwa kwa ajili ya kulisha mifugo" ni maelezo.

6. Jaza maandishi mbadala kwenye kila picha. Hayaonekani kwenye ukurasa, lakini mwenzetu asiyeona, anayetumia TalkBack kwenye simu, husomewa hayo. Usipojaza, anaweza kusomewa jina la faili, au neno "picha" tu, mara tisa mfululizo. Hebu jiweke kwenye nafasi yake.

Tangu toleo la 6.4, Novemba 2023, WordPress inaweza pia kukuza picha msomaji anapoibofya, bila plagini yoyote. Kwa albamu nyingi za klabu, hapa ndipo safari inapoishia. Hifadhi, fungua makala kwenye simu yako, kazi imekwisha.

Plagini inaingia wapi?

Inaingia pale kazi yako inapozidi hapo. Kama una mahafali yenye picha mia mbili ambazo watu kweli wanazitafuta, unahitaji kuzigawa kurasa kurasa ili zisishuke zote kwa mkupuo. Kama unataka msomaji apeleke kidole akitoka picha moja kwenda nyingine bila kufunga dirisha, plagini nyingi hufanya hivyo vizuri. Kama kila mwaka una albamu kumi na unataka ukurasa mmoja wa kuzikusanya, hapo pia plagini ina maana. FooGallery, Modula, Envira na NextGEN ni majina utakayoyakuta, kila moja ikiwa na toleo la bure na la kulipia. Kumbuka tu kwamba mpango wa bure wa WordPress.com hauruhusu kusakinisha plagini. Hilo ni kwa wenye mpango wa kulipia au waliokodi seva yao.

Kabla ya kubofya kusakinisha, soma ukurasa wa plagini kama unavyosoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Ilisasishwa lini mara ya mwisho? Imejaribiwa na toleo gani la WordPress? Wanaolalamika wanalalamikia nini, na watengenezaji wanawajibu? Plagini iliyoachwa miaka miwili bila kuguswa iache na wewe.

Huo si woga wa bure. Agosti 2011 iligundulika kasoro kwenye TimThumb, kifaili kidogo cha kupunguza ukubwa wa picha kilichokuwa kimefichwa ndani ya miundo mingi ya WordPress. Wahalifu walikitumia kuingiza faili zao kwenye seva za watu, na wenye tovuti wengi hawakujua hata kama wanacho. Februari 2017, kampuni ya usalama ya Sucuri ilitangaza kasoro ndani ya NextGEN Gallery ambayo ingeweza kumpa mvamizi njia ya kufika kwenye hifadhidata. Wakati huo plagini ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni moja. Watengenezaji walirekebisha. Waliosasisha walipona, na waliolala waliacha mlango wazi. Kwa hiyo plagini ni kama ng'ombe: ukimleta nyumbani ujue utamlisha kila siku.

Na zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram, zimeshavunjwa kufuli? Kaa mbali nazo. Huwezi kujua aliyevunja kufuli ameacha nini ndani.

Jambo lingine: plagini moja ya albamu inatosha. Kila moja huja na faili zake, na nyingine huzishusha kwenye kila ukurasa, hata ule wa ratiba ya mtihani usio na picha hata moja. Anayelipa ni yuleyule wa bando.

Jaribio la kuzima

Sasa tumfikirie yule wa tatu, mrithi wako.

Uongozi wa wanafunzi ni wa mwaka mmoja. Aliyeijenga tovuti anahitimu na kuondoka. Anayepokea anaona plagini asizozijua, tovuti ni nzito, anazizima chap. Kinachofuata kinategemea plagini uliyochagua leo.

Baadhi ya plagini huweka picha kwenye folda yao wenyewe, nje ya maktaba ya kawaida ya WordPress, na kumbukumbu za albamu kwenye majedwali yao wenyewe. NextGEN ndivyo ilivyojengwa. Ndani ya makala kinachobaki ni msimbo mfupi tu, kitu kama [nggallery id=3]. Plagini ikiwepo, msimbo huo unageuka albamu. Ikizimwa, msomaji anaona msimbo wenyewe: mabano, herufi na namba. Picha bado zimo kwenye seva, lakini haziko kwenye maktaba, na kiongozi mpya hajui azitafute wapi. Mahafali ya miaka mitatu yamegeuka mabano.

Plagini nyingine hutumia maktaba ya kawaida, zinabadilisha mwonekano tu. Hizo zikizimwa, unapoteza mapambo, picha zinabaki.

Basi fanya jaribio hili kabla hujaweka albamu ya pili. Tengeneza albamu ya majaribio yenye picha nne. Zima plagini. Fungua makala. Umeona nini? Kama umeona picha, hata zikiwa zimepangika vibaya, endelea. Kama umeona msimbo, tafuta plagini nyingine, au kama umeipenda sana hiyohiyo, andika kwenye daftari la makabidhiano kwamba haiguswi na picha ziko folda gani. Pamoja na hilo, nakala ya picha zote zilizochaguliwa iwe kwenye diski ya ofisi, kwa folda za mwaka na tukio. Nywila zikabidhiwe kwa maandishi, zisibaki kichwani mwa mtu aliyekwisha kuhama mkoa.

Aliye ndani ya picha

Nimemwacha huyu mwisho, lakini ndiye anayeweza kuumia zaidi.

Mama anayechambua vitunguu pale soko la Misuna hakukataa ulipompiga picha, pengine alicheka. Lakini kupigwa picha na mwanafunzi ni jambo moja, na kuwekwa mtandaoni ambako jirani, mkwe na mkopeshaji wanaweza kumwona ni jambo lingine. Mwambie kwa lugha ya wazi: "Mama, shikamoo. Picha hii tutaiweka kwenye tovuti ya chuo, itaonekana na mtu yeyote. Uko radhi?" Na mwonyeshe picha yenyewe. Akikataa, mshukuru na uifute mbele yake.

Hili lina sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazomtambulisha mtu si mali ya kuchezea tena. Watoto wa shule wachukuliwe kwa uangalifu wa pekee: ruhusa ya mzazi na ya shule, na majina yao yasiandikwe chini ya picha.

Kuna kitu kingine kisichoonekana. Kama kamera ya simu imeruhusiwa kutumia eneo, faili la picha hubeba ndani yake latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa. Picha ya bibi mbele ya nyumba yake inaweza kumpeleka mgeni hadi mlangoni. Zima eneo kwenye mipangilio ya kamera kabla ya ziara, au hakikisha programu unayopunguzia picha inaondoa taarifa hizo.

Aliyepiga naye ana haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni kazi yenye mwenyewe. Kuikuta kwenye kundi la darasa hakuifanyi kuwa yako. Omba, na andika jina lake chini ya albamu. Watu wanatoa picha kwa moyo wanapoona wanatajwa.

La mwisho kuhusu sheria. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwashtua wanablogu kwa sababu ya leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka. Baadhi walifunga. Kanuni zilitungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Kwa hiyo kama klabu yenu inataka kutoka kwenye kumbukumbu za chuo na kuanza kutoa habari kwa umma, msisikilize stori za kijiweni. Waulizeni TCRA wenyewe, ofisi ya Kanda ya Kati ipo Dodoma.

Zoezi

Somo bila zoezi ni porojo. Fanyeni haya kwa makundi ya watu watatu watatu.

Chagueni habari moja ya hapa Singida inayosimulika kwa picha kati ya tisa na kumi na mbili. Flamingo wa Ziwa Kindai, kuku wa kienyeji kutoka kijijini hadi kwenye basi la Dar, asali ya Itigi, fundi viatu wa nje ya geti letu, chochote. Mmoja awe msomaji, mmoja aliye kwenye picha, mmoja kiongozi wa mwakani. Tengenezeni albamu, kisha kila mmoja aikague kwa upande wake.

Msomaji aangalie bando lake kabla na baada ya kufungua makala. Likishuka zaidi ya MB 3, irudi ikapunguzwe. Aliye kwenye picha aulize kama angekuwa radhi maneno yale yawe chini ya sura yake mwenyewe. Kiongozi wa mwakani azime plagini, kama ipo, aone kinachobaki.

Albamu ikipita kwa wote watatu, ipandisheni.